Mgongo wa Baba Mkwe

Kipeperushi cha tamasha letu la sanaa za mtaani kinasema kwamba tamasha lilianzishwa na wananchi wenye maono, waliokaa chini wakatafakari namna ya kuinua vipaji vya Tukuyu. Aliyekiandika ni mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu ambaye nampenda sana, na ambaye siku tamasha lilipoanza hakuwapo. Alikuwa Mbeya akitibiwa jino. Mimi nilikuwapo. Hakuna mtu aliyekaa chini. Mimi mwenyewe nilikuwa juu ya ngazi, kisha nikawa ndani ya kitenge, na hapo ndipo tamasha lilipoanza.

Kazi yangu ni kuchora vibao na kuta. Kama umewahi kunyoa nywele, kununua mbolea au kusaga mahindi mjini hapa, umeshasoma mwandiko wangu. Kuku aliyeko kwenye ukuta wa duka la dawa za mifugo ni wangu. Watu husema anafanana na bata. Mvua ya Tukuyu imemnyeshea miaka mingi yule kuku, na sijui nani angenyeshewa hivyo asifanane na bata.

Nimezaliwa Kinyala, nikaolewa Kisondela. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawapendani, nasema hawaonani kwa macho. Akitokea njiani, wewe unaingia migombani. Akiwa sebuleni, wewe uko jikoni, na chakula chake kinapelekwa na mtu mwingine. Wazee wanaiita ukutila, yaani kuogopa, ingawa ndani yake mna heshima zaidi kuliko woga. Siku hizi wengi wameacha. Nina majirani wanaowapa wakwe zao mkono na kuwauliza kama presha imeshuka. Lakini mimi nililelewa na bibi aliyeniambia kwamba ukikutana na mkweo, ingia shambani hata kama shamba lina upupu. Tena ni mkaidi. Mume wangu husema ukaidi ndiyo mila yangu ya kwanza, hizo nyingine nilijifunzia ukubwani.

Siku ya harusi yetu baba mkwe alikaa kanisani nyuma ya nguzo. Picha za harusi zipo. Zimejaa watu wa kwao na wa kwetu, na pembeni kabisa kuna kiwiko kimevaa koti la kijivu. Hicho kiwiko ndicho yeye. Baada ya hapo nilimjua kwa vipande. Niliujua mgongo wake akipita njia ya kisimani, shingo yake, visigino vyake, kikohozi chake, na namna anavyoinua bega la kulia kama mtu aliyezoea kubeba kitu upande huo. Alichozoea kubeba ni ngoma. Alikuwa kiongozi wa kundi la ngoma la wazee wa Kisondela, na kundi lile ndilo lililoniingiza kwenye historia ambayo kipeperushi kimeificha.

Asubuhi hiyo nilikuwa juu ya ngazi nikimchorea fundi cherehani gauni jekundu kwenye ukuta wa duka lake. Fundi huyu ni Mwislamu, mababu zake walitoka pwani na mizigo ya nguo wakaishia kuipenda baridi yetu, na yeye amekaa nasi kiasi kwamba anaijua miiko yetu kuliko vijana wetu. Nilikuwa kwenye mkono wa gauni niliposikia ngoma. Nilijua wazee wamealikwa kumpokea mgeni uwanjani, lakini nilidhani watapita barabara kuu kama watu wengine. Wao wakakata njia ya mkato, wakaingia mtaa wetu.

Nikafanya kosa. Niligeuka kuangalia. Jua, ambalo kwetu huonekana kwa nadra, lilikuwa limechomoza siku hiyo kwa nguvu zake zote, likanipiga machoni, nikaona vivuli tu vinakuja.

"Mwanangu," fundi akaniambia toka mlangoni, taratibu kabisa, kama anayenikumbusha kwamba kuna chai, "mkweo huyo."

Kushuka nisingewahi. Fundi akanirushia kitenge cha mteja, nikajifunika kichwa mpaka magoti, nikabaki juu ya ngazi na brashi imetokeza nje inadondosha rangi nyekundu. Baba mkwe naye mtu akamnong'oneza aliye juu ya ngazi ni nani. Yule mzee, kwa heshima yake, akaugeuzia ukuta mgongo hapohapo na kuendelea kucheza kinyumenyume ili apite bila kuniangalia. Na kwa kuwa alikuwa kiongozi, wenzake wote wakageuka. Walidhani ni mtindo mpya. Kundi zima la wazee likapita mtaa ule kinyumenyume, ngoma vifuani, likimkwepa mwanamke mmoja aliyevaa kitenge kama kabati linalohamishwa.

Watu walitoka madukani. Walipiga makofi mpaka sokoni wakasikia. Wiki iliyofuata wakaanza kumuuliza fundi, ule mchezo utarudiwa lini? Mwaka uliofuata ukarudiwa. Mwaka wa tatu, kuta nyingine zikataka kuchorwa, watoto wa shule wakaja na chaki kuchora kwenye lami, kwaya ya akina mama ikadai nafasi, na ukishakuwa na kwaya inayodai nafasi lazima uwe na kamati.

Mpaka leo, kundi la ngoma likikaribia mtaa wetu, fundi hupuliza filimbi. Wachoraji wote, wake kwa waume, hugeukia ukuta na kujitupia kitenge kichwani. Wacheza ngoma hupita kinyumenyume. Vijana wa chuo kutoka Mbeya huja na simu zao kurekodi, na kila mwaka wana maelezo mapya. Mmoja alisema ni safari ya kuwarudia mababu. Mwingine alisema ni msanii kukataa kutazamwa. Mwenyekiti akaongeza kwenye kipeperushi kwamba ni ishara ya kuenzi yaliyopita. Fundi na mimi tulipokisoma hatukuangaliana, maana tungeangaliana tungecheka mbele ya mwalimu.

Baadaye kidogo nilimchora baba mkwe kwenye ukuta wa ubavuni mwa duka la fundi, mkubwa, kutoka chini hadi kwenye mabati. Nilimchora kwa nyuma, anacheza, bega la kulia juu. Ndiyo kazi yangu iliyosifiwa kuliko zote. Binti mmoja aliyesomea uchoraji alisimama pale muda mrefu, akaniambia nimekuwa jasiri sana kukataa kuonyesha uso. Nikamshukuru. Sikumwambia kwamba uso wenyewe siujui.

Mwaka huu miguu ya baba mkwe ikakataa. Ilianza kuvimba wakati wa masika, na kiangazi kilipofika ikawa hata kutoka nyumbani mpaka kanisani ni kazi. Zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya tamasha, mume wangu alirudi toka Kisondela na mkungu wa ndizi begani na ujumbe mdomoni. Aliweka ndizi kwanza.

"Baba anasema mwaka huu hatacheza."

"Najua."

"Anasema na mwakani hatacheza."

Nikauvuta mkungu karibu.

"Anasema hataki watu wamkumbuke kwa mgongo. Anasema umgeuze."

Nilichukua kisu nikaanza kumenya ndizi ambazo hazikuwa zimeiva wala hazikuwa za siku hiyo. Nilikasirika, sifichi. Mtu unamkimbia miaka yote hii kwa heshima yake, unajirusha kwenye mitaro, unakula harusi yako na kiwiko, halafu anakuambia hujamchora uso. Nilimenya mkungu karibu wote, tukala mbalaga, ndizi za kupika, siku tatu.

Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho kilichoninyima raha. Niliogopa kwamba yule mzee atakufa, na mara ya kwanza mimi kuuona uso wake itakuwa ndani ya jeneza. Sikumwambia mume wangu. Ni baba yake, naye alikuwa na hofu yake mwenyewe.

Kumgeuza mwili mzima nisingeweza, ukuta ni mkubwa na kiangazi chetu hakiaminiki. Nikaamua kufuta kichwa tu na kumchora akigeuka kuangalia nyuma, juu ya bega. Kilichobaki ni uso. Nikamuuliza mume wangu, baba yako yukoje? Akafikiri sana. "Kama baba," akasema. Nikamuuliza fundi, ambaye amemshonea yule mzee makoti tangu hatujaoana. Akasema ana kifua kipana na mkono mmoja umemzidi mwingine urefu kidogo. Uso hakuwahi kuupima.

Ikabidi picha. Mume wangu alikuwa na picha ya kitambulisho cha baba yake kwenye simu. Nilijiuliza kwanza kama kuangalia picha ni kuangalia mtu, nikaamua kwamba bibi hakuwahi kusema lolote kuhusu simu. Nikaitazama. Mnajua picha za vitambulisho. Mtu ameambiwa asicheke, asitikisike, na nyuma yake kuna foleni. Nilichora nilichokiona. Fundi akatoka na futi yake shingoni, akautazama ukuta.

"Mwanangu, huyu anamkamata nani?"

Mume wangu akapiga picha, akaipeleka Kisondela. Jibu lilikuja jioni: mzee amesema huyo ni mtu mwingine, na amesikitika kuona amevaa koti lake. Nikachukua tina ya kuyeyushia rangi na kitambaa, nikaufuta ule uso wote. Zilibaki siku nne. Ukutani palikuwa na mwili wa mzee unaocheza, na penye kichwa pana duara la ukungu. Wapita njia wakaanza kunipa pole.

Alhamisi mchana nilikuwa juu ya ngazi nikisafisha lile duara, kuna ukungu kweli, ule wa mlimani, umeshuka mpaka kwenye mabati. Nikasikia bodaboda inaingia mtaani polepole isivyo kawaida ya bodaboda. Kisha filimbi. Nikashangaa, maana tamasha lilikuwa Jumamosi. Mkono ukajua kabla yangu. Nikavuta kitenge kichwani na kuugeukia ukuta.

Nikasikia mume wangu akisema taratibu, baba, taratibu. Nikasikia kiti cha wateja kikiburuzwa nje. Nikasikia kile kikohozi.

"Mugonile, lafiki yangu," sauti ikasema. Alikuwa anamsalimia fundi. Herufi mbili, r na z, mzee yule hajawahi kupatana nazo, na siku hiyo zilinipendeza hata hizo. Sikuwahi kuisikia sauti yake karibu namna ile.

"Salama, mzee wangu. Umetuletea baraka."

"Mwambie mwenye ngasi nimekuja kuonekana."

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Fundi akageuka, akaninyanyulia sauti kana kwamba niko Kyela. "Mzee anasema amekuja kuonekana."

"Mwambie nimesikia," nikasema ukutani. "Mwambie sijui ataonekanaje."

Fundi akapeleka. Kisha mzee akasema tena.

"Mwambie kwansa, ule mguu alikosea. Mimi ninaansa na wa kushoto. Kila mwaka ninaangalia, kila mwaka ni wa kulia."

Fundi akanipa ujumbe wote, pamoja na zile 'kila mwaka' zote mbili.

"Mwambie miaka yote hiyo alikuwa wapi asiseme."

"Mwambie ningesemaje, na hatuongei?"

Hapo hata mume wangu akacheka. Mimi nilikuwa nacheka ndani ya kitenge, na machozi yanatoka, na sikujua kipi kimeanza. Kila mwaka. Nilidhani anapita pale kinyumenyume hajui hata nimechora nini. Kumbe alikuwa akirudi kuangalia, siku nyingine, mimi nisipokuwapo, kama mimi nilivyokuwa nikimwangalia akienda kisimani.

Halafu mzee akasema, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, "Mwambie ageuke. Mimi nimefumba macho."

Fundi hakurudia upesi. Alikwenda kwanza mbele ya kiti, akainama, akachungulia kama anayekagua mshono. Akarudi. "Mwanangu, amefumba kweli. Geuka."

Nilimfikiria bibi yangu. Nikatafuta kichwani kama aliwahi kusema lolote kuhusu mkwe aliyefumba macho kwa hiari yake, ameketi kwenye kiti cha cherehani, baridi yote ile, miguu imevimba ndani ya soksi mbili mbili. Hakuwahi. Nikavua kitenge, nikageuka.

Alikuwa mdogo. Hilo ndilo lililonigusa kwanza. Ukutani nilimfanya mkubwa kufika kwenye mabati, na pale kitini alikuwa mzee mdogo, amekaa wima, mikono juu ya magoti, macho ameyafumba kwa nguvu mpaka mashavu yamepanda. Sikio la kushoto lilikuwa kubwa kuliko la kulia. Alikuwa na alama za tetekuwanga kwenye paji, tatu, zimejipanga. Pua ilikuwa ya mume wangu, ile ile ninayoigombeza ikikoroma, na nikaona mume wangu atakavyokuwa siku moja nikijaliwa kuwa naye mpaka hapo. Na mdomo ulikuwa wa mtu anayezuia kicheko. Hicho ndicho picha ya kitambulisho ilichoninyima. Uso wa yule mzee, ukiachwa peke yake, ulikuwa unacheka.

Nilichora mpaka alasiri. Manyunyu yakaanza, fundi akaleta mwavuli na kuushika juu ya makopo yangu ya rangi. Nikamwambia kuna mtu mzima ananyeshewa pale. Akasema rangi ikiingia maji haifai, mtu akiingia maji anakaushwa. Mume wangu akauchukua mwavuli. Baba mkwe hakufumbua. Mara moja alisinzia kabisa, akakoroma kwa ile pua, akashtuka, na jambo la kwanza alilofanya kabla ya kujua yuko wapi ni kuyakaza macho upya.

Kichwa nilikichora kikigeuka juu ya bega, na macho nikayafumba. Sikuona sababu ya kumbunia macho ambayo sikuwa nimeyaona. Tayari nawasikia vijana wa Mbeya wakisema anaisikiliza ngoma, na mwenyekiti ataandika kitu kuhusu tafakuri. Na waandike. Mwishoni nilishuka nikaufuta ule mguu wa kulia, nikauinua wa kushoto.

"Amemaliza," fundi akasema.

Nikajitupia kitenge na kugeukia ukuta, ili afumbue, aone. Nilisikia kiti kikilia. Nikahesabu madoa kwenye viatu vyangu.

"Mwambie huyo ndiye mimi," akasema.

Fundi akaniambia huyo ndiye yeye.

"Mwambie pia neno jingine. Siku ile ya kwansa, ya gauni, nilimwona. Kabla hajajifunika. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, kwake lilikuwa usoni."

Mimi nilikuwa nimeishika ngazi.

"Mbona hakusema?" nikauliza. "Muulize. Miaka yote hii najifunika, mtaa mzima unajifunika, mbona hakusema?"

"Ningesema, angeshuka kwenye ngasi," mzee akajibu bila kumngoja fundi, "asingeludi tena mtaani. Na mimi nilikuwa ninataka kuona huo ukuta unaishaje." Akakohoa kidogo. "Alikuwa na langi puani. Nyekundu."

Mkono wangu ukaenda puani wenyewe, chini ya kitenge.

"Ndaga, baba," nikamshukuru kwa Kinyakyusa, na fundi cherehani, aliyekuwa amebeba maneno yetu mchana kutwa, hili hakulibeba.